Bagi ya Kiti Kimoja

Watu wa Llano Hondo wakimtaja Eusebio Murillo husema, "Alikuwa fundi yule." Hilo "alikuwa" linanikera, maana mtu bado yu hai. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, peke yake, na asubuhi namwona uani kwake akifagia mahali pasipo na uchafu. Kwa nini wanamsema kama marehemu, mimi najua. Nitaeleza bila kujipendelea, ingawa kujipendelea ningependa sana.

Sote twamwita Chebo. Tulikua pamoja hapa, mwendo wa saa mbili kutoka mji wa Ensenada, penye vitunguu, majani ya ng'ombe, upepo, na mara moja kwa mwaka magari ya mashindano ya jangwani. Baba yake alikuwa kibarua wa vitunguu na Chebo alianzia hukohuko, mpaka siku trela la tajiri lilipokatika ekseli katikati ya mavuno. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alikokota mashine ya kuchomelea iliyotupwa stoo, ambayo hakuna aliyemfundisha kuitumia, akaiunga ekseli vibaya sana. Jioni ikakatika. Akaiunga tena, ikakatika tena. Mara ya nne haikukatika, na trela lile linabeba vitunguu mpaka leo. Tangu siku hiyo hakurudi shambani.

Mbishi? Usiniambie. Nimeshindana naye miaka hamsini na sijashinda hata juu ya leo ni siku gani.

Alimwoa Ofelia, mwanamke mpole mwenye macho makali, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Maclovia, tuliyemwita Cova. Mimi Nabor, mtengeneza jibini, ndiye niliyemshika siku ya ubatizo. Kwetu ukishamshika mtoto wa mtu pale mbele ya padri, wewe na baba yake si majirani tena, ni makompadre. Mnaweza kugombana kwa sababu ya ng'ombe na mipaka, lakini kuachana hamwezi. Chebo huniita kompadre hata akiwa amekasirika. Hasa akiwa amekasirika.

Cova alikua mfupi, mnene wa mikono, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya shamba. Akawa dereva wa lori la maji, akimwagilia barabara za mashambani vumbi litulie, na hakuna mwanamume hapa aliyeweza kurudisha lori lile kinyumenyume kama yeye. Siku moja, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, aliegesha na kumkuta baba yake akinyoosha geti la mtu. Mimi nilikuwepo, nimeleta ndoo yenye tundu.

"Baba, nimechoka kusimama pembeni kila Novemba nikila vumbi la wageni."

"Basi kaa ndani."

"Ndani ya gari, ndiyo. Nijengee."

Chebo alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake akaenda kwa binamu yake, akarudi akivuta Foksiwageni kuukuu ya mgongo wa kobe iliyokuwa banda la kuku, na kuku wawili bado wamo ndani.

Kuigeuza bagi, yaani gari jepesi la mbio za jangwani, kulimchukua miaka mitatu, hapohapo uani, chini ya paa la mabati. Alivua bodi yote akabaki na sakafu, gia boksi na injini. Kisha akaanza kizimba, yaani yale mabomba yanayomzunguka dereva, ambayo gari likipinduka ndiyo yanayobaki kati yake na ardhi. Hakuwa na mashine ya kukunjia. Alijaza bomba mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili, akalipasha moto mpaka likawa jekundu, halafu akalikunja polepole kuzunguka rimu ya trekta aliyoichimbia ardhini. Mchanga ndio unaozuia bomba lisibonyee. Bomba moja lilimlia asubuhi nzima, na likitoka baya alilitupa. Alitupa mengi.

Mwaka wa kwanza kitu chenyewe kilionekana kama kitanda cha hospitali. Ofelia alikianikia mashuka. Shemeji yangu Plutarco, mwenye trekta na mwenye mdomo, hakupita bila kusimama.

"Chebo! Hicho kitanda utakilalia lini?"

"Siku mama yako akija kukitandika."

"Mama yangu ana viwango!"

"Ndiyo maana baba yako alikimbia."

Wakacheka wote wawili. Tulikuwa watu wa kucheka sana, nakuambia.

Kitu kimoja Chebo hakukifanyia mzaha: kiti. Bagi nyingi zina viti viwili, cha dereva na cha msaidizi. Yake ilikuwa ya kiti kimoja, na alikipima kwa mwili wa Cova, si wa mtu mwingine. Alimkalisha juu ya kreti la vitunguu katikati ya mabomba, kofia ngumu kichwani, mikono mbele kana kwamba ameshika usukani, akapima kutoka kofia hadi bomba la juu, bega hadi bomba la ubavuni, goti hadi dashibodi. Mimi nisingeweza hata kuingiza tumbo langu mle.

"Baba, unanishonea gauni?"

"Gauni huchanika. Hili halichaniki. Tulia."

Alikuwa akichomelea kiungo, anazima mashine, anavua barakoa na kukitazama kwa tochi. Kisichompendeza alikikata kwa grinda na kuanza upya. Kiungo cha juu ya bega la kushoto alikirudia mara tatu, kwa sababu siku ile pampu za visima zilikuwa zinanyonya umeme na moto wa mashine ulikuwa unapanda na kushuka. Ile mara ya tatu aliita watu tuje tuone. Nani wa kuona nini? Mimi najua jibini. Lakini ile mistari ya weldi ilikuwa imelala moja juu ya nyingine kama magamba ya samaki, na hata mimi niliinama nikaipapasa.

Sasa niwaambie juu ya matuta.

Mashindano yakipita kwetu, sisi huchimba. Baba zetu walichimba, nasi tumechimba. Gari linakuja mbio kwenye mchanga, kumbe usiku au asubuhi watu wamelundika udongo njiani, wamelitengeneza tuta, gari linaruka juu na watoto wanapiga mayowe mpaka sauti zinakauka. Wenye mashindano kila mwaka hututumia watu kutubembeleza tuache. Tunaitikia ndiyo, ndiyo, tunawapa kahawa, wakiondoka tunashika mabeleshi. Chebo mwenyewe ujanani ndiye aliyekuwa na jicho la kujua tuta liwekwe wapi. Madereva nao wanayo sheria yao: ukiona umati wa watu jangwani, toa mguu kwenye mafuta, maana watu hawakusanyiki bure.

Siku tatu kabla ya mashindano Cova na baba yake walipita njia nzima polepole, wakiandika kila jiwe na kila kona. Walisimama mbele ya nyumba yangu, maana njia inapita pale, ikitoka kwenye korongo kavu. Chebo aliingia ndani kunywa maji. Cova alibaki nje, ndani ya pikapu yao.

"Padrino," aliniita, yaani baba wa ubatizo, "mwaka huu mmechimba wapi? Niambie mapema, usinifiche."

"Hatuchimbi. Nani akuchimbie wewe?"

"Kweli?"

"Kweli. Ukifika hapa kwangu usitoe mguu. Nataka nikuone ukipita."

Na wakati ule nilikuwa nasema kweli. Hilo nalishikilia, ingawa halinisaidii kitu.

Asubuhi ya mashindano watu walijaa mbele ya nyumba yangu. Tuliwasha mkaa, tukachoma nyama, wanawake wakaleta tortila, yaani chapati za mahindi, na maharage. Chebo alikuwa mbali, kilomita arobaini mbele, na madumu ya petroli na matairi ya akiba, akimngoja binti yake ili amjazie mafuta. Hiyo ndiyo kazi ya baba siku hiyo. Pikipiki zikapita. Ndipo Plutarco akasema, kinywa kimejaa nyama:

"Hivi jamani, wageni wote wameruka kwetu miaka yote hii, halafu wa kwetu apite hivihivi kama anakwenda dukani?"

Tukatazamana. Tulikuwa wanaume sita. Nia yetu ilikuwa kumpa zawadi, na hapo ndipo ninaposhikwa na kizunguzungu kila nikikumbuka. Tulitaka mtoto wetu aruke juu kuliko wote. Plutarco akaleta trekta, sisi tukalainisha kwa mabeleshi. Tuta lilikuwa refu na la mteremko mzuri, la kuinua gari taratibu. Mimi ndiye niliyelikanyaga juu kulishindilia.

Kisha yakaja malori makubwa ya mashindano, thelathini na zaidi. Kila lori lilipopanda lilichimba kidogo miguuni mwa tuta. Lilipopita la mwisho, mteremko haukuwa mteremko tena, ulikuwa kama ukuta unaofika kiunoni. Niliuona. Nilisema, "Tungelisawazisha kidogo." Mtu akasema, "Ngoja tumalize kula." Nikakaa.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Ile injini tuliijua sote, tulikuwa tumeisikia miaka mitatu ikipigwa moto uani. Cova alitoka korongoni, akaona umati. Ungekuwa umati wa wageni, angetoa mguu. Alipoona ni sisi, na mimi mbele nikipunga kofia, alikanyaga mafuta.

Gari lilipanda, likainua mkia, likashuka kwa pua. Likapinduka mara nne. Nilifika wa kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake sawasawa, mikanda imeshika, kila kitu kimeshika. Shingo tu haikushika.

Plutarco alilisawazisha lile tuta kwa trekta kabla gari la wagonjwa halijafika. Alisema ni ili wapate njia, na ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Watu wa mashindano walipouliza, Plutarco akasema ni mchanga, mchanga ulimshika tairi. Wa pili kusema mchanga nilikuwa mimi. Chebo alipofika hapakuwa na tuta, palikuwa na mchanga tambarare na bagi yake imelala kifudifudi. Hakulia. Alipiga magoti akapapasa mabomba, moja baada ya jingine, mpaka akafika lile la juu ya bega la kushoto. Lilikuwa limekunjika.

"Ni weldi yangu," alisema.

Sisi sita tulisimama pale, midomo imefungwa, na mmoja wetu bado alikuwa na mfupa mkononi.

Baada ya kuzika alikata kipande kile kwa msumeno, kiungo na bomba lake, urefu wa mkono, akakiweka kwenye meza ya karakana. Akazima mashine. Mtu akileta geti, alirudishwa. Mtu akileta jembe, alirudishwa. "Mikono hii imeua," alisema, "tafuta mwingine." Mashine zikaota kutu, na baba yangu mimi alinifundisha kwamba fundi akiacha kazi ndipo anapoanza kufa. Akija mgeni anachukua kile kipande, anakionyesha, anasema hapa moto haukuingia. Mwaka mzima alisema hivyo. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mtu anayesikitika na hali za dunia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni, nikinywa kahawa yake.

Ilipobaki wiki moja kabla ya misa ya kutimiza mwaka tangu Cova azikwe, Ofelia alikuja kwangu mchana, akakaa karibu na sufuria la maziwa.

"Kompadre, nenda ukamwambie."

Nikaacha kukoroga. "Nimwambie nini, komadre?"

"Kwamba ile weldi ni nzuri. Mimi si fundi, lakini nimekaa na yule mwanamume miaka thelathini. Nilimwona akiikata na kuirudia. Asingemkalisha mwanangu chini ya chuma kibovu. Kama ningeamini hivyo, nisingeweza kulala kitanda kimoja naye." Alijifuta macho kwa aproni. "Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

Usiku ule sikula. Kesho yake saa tisa alasiri nikaenda. Nilikuwa nimeazimia kusema yote: trekta, mabeleshi, kofia. Nilijua nitapoteza rafiki, na nilijua atapata kazi yake, na nilikuwa tayari, au nilidhani niko tayari. Chebo alikuwa karakana, amekaa kwenye kreti.

"Kompadre, kuna jambo."

"Kama ni ndoo, sichomelei."

"Si ndoo. Siku ile, pale mbele ya nyumba yangu, kabla Cova hajafika, sisi..."

"Nabor."

Miaka yote tangu ubatizo hakuwahi kuniita kwa jina.

Akachukua kile kipande cha chuma, akakiweka mikononi mwangu. "Tazama bomba limekunjika wapi."

Nikatazama. Lilikuwa limekunjika shubiri nzima kutoka kwenye kiungo. Kiungo chenyewe hakikuwa na hata ufa.

"Chuma kimelegea, weldi imeshika," alisema. "Mwanafunzi wa wiki moja angeona. Unadhani mimi sikuona? Niliona siku ileile. Na niliona pua ya gari imejaa udongo. Gari halitumbukizi pua kwenye tambarare. Mimi nilichimba matuta kabla wewe hujajua kushika beleshi."

"Basi kwa nini..."

"Kwa sababu nikisema si weldi, itanibidi niulize ni nini. Nikiuliza, mtu atajibu. Halafu? Nitampa mkono nani kanisani? Jeneza lake mlilibeba ninyi. Kaburi mlichimba ninyi. Siwezi kuhama, yeye yuko hapa. Nina miaka sitini na moja. Niwachukie watu wote wa Llano Hondo, nianze leo?" Alikuwa anasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayepanga kazi. "Afadhali nimchukie mmoja, mimi mwenyewe. Huyo namjua, namweza."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nikamwambia, "Nisamehe, kompadre."

"Hujasema kitu. Nikusamehe nini?"

Akanitwalia kile chuma, akakirudisha mezani. Nje kuku walikuwa wanaparua. Kisha akasema, "Plutarco ameanza kunikwepa njiani. Na wale wengine. Wanaogopa nitakuja kujua. Jumapili watakuja wote baada ya misa. Watataka kusikia kwamba ni weldi kutoka kwa mtu mwingine, si mimi tu. Wewe uko karibu na mimi, watakuamini."

"Usiniombe hilo."

"Nakuomba hilo tu."

Ningekataa. Mtu mwenye haki angekataa. Lakini nilikuwa nimekuja kumlipa, na hiyo ndiyo bei aliyoitaja mwenyewe, nami sikuwa na mdomo wa kupatana.

Jumapili uani palijaa. Plutarco na wale wanne wengine walikaa karibu na mlango wa kutokea. Chebo aliwapitishia kahawa, kisha akaleta kile kipande, akanipa mimi mbele ya wote. "Kompadre amekitazama vizuri," alisema. "Awaambie."

Nikakigeuza mkononi. Ile mistari ilikuwa palepale, imelala moja juu ya nyingine, safi. Sijaona kazi nzuri kuliko ile.

"Moto haukuingia," nilisema. "Kiungo kilikuwa kibovu."

Plutarco alishusha pumzi, nikaisikia. Akafanya ishara ya msalaba. Akainuka akamshika Chebo bega, akasema, "Usijilaumu, Chebo. Hutokea hata kwa mafundi." Na Chebo akamshukuru.

Ofelia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la tamale, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya majani. Sikujua kama amesikia, mpaka aliponiita.

"Umekitazama vizuri, kompadre?"

Nilimwangalia Chebo. Alikuwa ametazama chini. Nadhani hilo hakuwa amelipigia hesabu, yeye aliyepima kila kitu.

"Nimekitazama, komadre."

Akaweka sinia mezani, akapanga majani ya tamale yaliyofunguka, akavua aproni. Kisha akaingia chumba alichokuwa akilala Cova, tukasikia komeo. Chebo alipiga hatua mbili kuelekea kule, akasimama, chuma mkononi. Halafu Plutarco akasogea mezani, na watu wakaanza kula.